Mhuri wa Kandambili na Kibali cha Nabintu

Vijana, kabla hamjaniuliza lolote, toeni vibali vyenu mtazame tarehe ya mwisho. Nitangoja. Aliyebakiwa na miezi mitatu au pungufu asome haya leo leo hadi mwisho. Mwenye mwaka mzima anaweza kunywa chai kwanza, lakini arudi, maana mwaka huisha upesi kuliko kipande cha sabuni.

Kwa miaka kumi na mitano hivi nilikuwa mwandishi wa barua sokoni Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Mwanasheria sikuwa, hilo lieleweke mapema. Kwetu Bukavu, Kongo, nilikuwa karani wa ofisi ya mtaa. Nilifika Malawi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikiwa na mashati mawili, mke mmoja na mwandiko mzuri. Mke wangu alipata cherehani, mimi nikapata taipureta ambayo herufi yake moja ilikuwa inaruka, nikatandika kitambaa juu ya meza na kazi ikaanza. Watu waliniita Papa Kashe, kwa sababu kwetu mhuri tunauita kashe, na mimi nilikuwa na mhuri.

Mhuri wenyewe niwaeleze, kwa sababu ndio uliokaribia kuharibu maisha ya mtu. Alinichongea fundi viatu wa meza ya jirani, kwa soli ya kandambili. Alichonga mduara, nyota katikati, na pembeni maneno ya Kifaransa yanayosema mwandishi wa umma. Ukiuchovya kwenye wino wa zambarau unatoka safi hadi unataka kuulamba. Kwetu Bukavu karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia sambaza, wale dagaa wa ziwani kwetu. Tena mhuri haupigwi popote tu. Lazima ukalie sahihi, nusu kwenye wino wa mkubwa, nusu nje. Na penye picha, nusu ikae kwenye shavu la mtu na nusu kwenye karatasi, ili mwizi asibandue picha akaweka yake. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofanya bila kuuliza kama Malawi nao wanafanya hivyo.

Aliyenifundisha kazi upya ni mzee mmoja wa Dowa, karani mstaafu, Bambo Phiri, yaani Bwana Phiri. Alikuwa anakuja sokoni kwetu na baiskeli kununua mihogo, siku moja akasimama kusoma barua niliyokuwa nimeichomeka kwenye taipureta. Nilikuwa na ukurasa na nusu wa kumsalimu afisa, familia yake, serikali yake na Mwenyezi Mungu, na shida ya mteja ilikuwa bado haijaanza. Akaomba kalamu. Akafuta yote.

"Afisa ana rundo la barua mezani," akaniambia. "Mwambie kibali kinaisha lini, unaomba nini, umeambatanisha nini. Mungu atasalimiwa kanisani."

Niliumia, msidhani sikuumia. Lakini barua ile ya mistari sita ilijibiwa, na ile ya ukurasa na nusu ya wiki iliyotangulia haijajibiwa hadi leo. Bambo Phiri alinifundisha pia kuhesabu kutoka nyuma: chukua tarehe ya mwisho, rudi nyuma miezi mitatu, hapo ndipo pa kuanza. Usimkabidhi mtu karatasi ya asili bila kubaki na nakala. Jina liandikwe vilevile kila mahali, maana sisi tuna majina matatu na tunapenda kuyapanga kila siku kivingine. Na siku ya mwisho ya masomo yake alinyoosha kidole kwenye mhuri wangu akasema, "Hiki kiache nyumbani. Huku mhuri ni wa anayepokea, si wa anayeomba." Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Alipopanda baiskeli yake, nikaufunga mhuri kwenye leso na kuurudisha mfukoni.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilingoja miaka kadhaa.

Wengi wetu kambini hatukuwa na ruhusa ya kuajiriwa nje. Ila walikuwepo manesi, walimu na mafundi wachache ambao waajiri wao waliwaombea vibali vya kazi, na hao ndio waliokuwa wateja wangu wa heshima. Hesabuni mambo mawili ambayo waliyasahau kila mara. La kwanza, kibali cha kazi kinafungwa kwa mwajiri mmoja; ukibadili mwajiri unaomba upya, na huanzi kazi mpya mpaka kitoke. La pili, kibali hufa siku yake hata kama hakuna aliyekutazama. Nilikuwa na mwalimu mmoja wa Uvira, mtu wa watu, alikuwa anafundisha Kifaransa Lilongwe. Kibali chake alikihifadhi ndani ya Biblia, kwenye Zaburi. Tarehe yake ilipita mwezi mzima hajui. Nilipomwonyesha tarehe, akanijibu kwa utulivu kabisa, "Lakini Papa, hakuna polisi mwenye aliisoma bado." Kwetu, kweli, karatasi haifi mpaka askari aisome. Yule mwalimu alirudi kambini akaanza moja, na shule ilimngoja karibu mwaka. Siku hizi anasoma Zaburi kutoka kwenye simu.

Sasa Nabintu.

Nabintu alikuwa nesi mkunga, msichana wa Bukavu aliyesomea kazi hiyo kabla vita havijamtoa. Alikuwa anafanya kazi kwenye kliniki moja ya Madisi. Nilikuwa nimemwandikia barua za kibali cha kwanza, basi ikawa miaka miwili imepita, na Jumamosi moja akashuka kwenye baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria kwa nauli, mbele ya meza yangu, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Papa, mi iko na wiki tano tu."

"We ulikuwa wapi wakati kulibaki miezi tano?"

"Nilikuwa nazalisha bamama. Batoto habangojake kibali."

Kliniki ilikuwa imepata mkubwa mpya, daktari mwema lakini mzito wa kalamu, na Nabintu aliona aibu kumsumbua. Mpate kujua kilichokuwa hatarini: kibali kikiisha, Nabintu asingefukuzwa nchini, kwa sababu ukimbizi wake ulikuwa na karatasi zake zenyewe, mbali na kazi. Lakini angerudi kambini kukaa, kliniki ingemweka mwingine kwenye nafasi yake, na kazi aliyoipenda kuliko chakula ingekuwa imekwenda. Nilimwambia akae, nikamtajia milango yote, na ninyi itegeeni sikio.

Kwanza, kuongeza muda kwa mwajiri yuleyule. Huo ndio mlango mpana, ilimradi mkubwa atie sahihi na maombi yafike kabla ya tarehe. Pili, kutafuta hospitali nyingine iombe kibali kipya, lakini kwa wiki tano? Tatu, kibali cha biashara, afungue duka la dawa. Huo unataka mtaji, na mtaji wake ulikuwa viatu vyeupe na saa ya mkononi. Nne, kibali cha masomo, akapande daraja kwenye chuo cha uuguzi. Wazo zuri, ila chuo kilikuwa hakijaanza kupokea watu, na bila barua ya kupokelewa hakuna kibali.

"Na ya tano?" akauliza, akitazama pembeni.

"Ya tano unaijua vizuri kuliko mimi."

Ya tano ilikuwa Chisomo. Chisomo ni Mmalawi, mwenye duka la misumari na mabati Mponela. Alikuwa amepeleka dada yake kujifungua Madisi, akamwona Nabintu kazini, na tangu siku hiyo kila ndugu yake mjamzito alipelekwa Madisi hata kama anaishi karibu na hospitali nyingine. Alikuwa ameshamposa. Mke wa mwenyeji huweza kuombewa ukaazi kwa ndoa, na kambi nzima ilikuwa imeshaamua. Fundi viatu alipaza sauti kutoka meza yake: "Olewa tu, dada! Karatasi itajipanga yenyewe!"

Nabintu akamgeukia taratibu.

"Chisomo minamupenda," akasema. "Lakini sitamuambia ndiyo sababu ya tarehe. Siku moja tutagombana, kila mtu anagombanaka, atasema nilifuata kibali, hapana yeye. Na mi pia nitajiuliza. Nilimuambia angoje. Nikipata kibali yangu, njo aulize tena."

Nilimpenda mtoto yule kwa maneno hayo, na nikaapa moyoni kwamba faili lake litakuwa bora kuliko yote niliyowahi kuyatengeneza. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Tulikusanya kila kitu kwa wiki mbili. Fomu, nakala ya kibali cha zamani, cheti chake na tafsiri yake, usajili wa uuguzi, barua ya wizara aliyoifuata mwenyewe Capital Hill kwenye ofisi za serikali Lilongwe, picha, na barua ya mkuu wa kliniki iliyotiwa sahihi hatimaye. Nilipanga, nikatoboa, nikafunga kwa uzi. Kisha nikaitazama ile barua ya mkuu. Sahihi peke yake, pembeni weupe mtupu! Niliona kama mtu ametoka nyumbani bila shati. Leso ikafunguka yenyewe mfukoni. Nikapiga mhuri wangu juu ya sahihi ya daktari, nusu ndani, nusu nje, ukatoka mzuri ajabu. Nikapiga na kwenye picha, kila moja na nusu mwezi wa zambarau kwenye shavu la Nabintu. Yeye alikuwa amekwenda kununua bahasha. Nikalifunga faili nikijisifu.

Siku kumi baadaye alirudi, safari hii kwa miguu kutoka barabarani, na hakusalimia.

"Papa, faili yangu baliweka pembeni. Banauliza ile nyota ni ya serikali gani. Banasema barua ya docteur inaweza kuwa ya uongo. Banataka mwenye alipiga kashe afike, yeye mwenyewe."

Tulihesabu. Zilibaki siku kumi na moja.

Niliogopa, na sitawadanganya kwamba sikuogopa. Nilijiona nimefungwa pingu na kurudishwa mpakani nikiwa na taipureta kichwani. Fundi viatu, ambaye alikuwa na hofu zake kwa kuwa ndiye mchongaji, akaninong'oneza, "Choma ile kitu, Papa. Bakuulize, sema haukuonaka." Nikaenda na mhuri nyumbani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo wa jiko la mkaa mke wangu alipouliza nachoma nini. Nikamweleza. Akaacha cherehani.

"Kwa hiyo," akasema, "utaacha mutoto wa benyewe apoteze kazi juu ya nyota yako?"

Asubuhi yake, Jumatano, nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikavaa koti, nikaenda Lilongwe.

Kwenye ofisi ya uhamiaji nilielekezwa dirisha la tatu. Alikuwepo mama wa makamo, mayi kama wanavyosema huku, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Tuliongea kwa Kiingereza changu cha barua na Chichewa changu cha sokoni. Nikafungua leso, nikaweka mhuri mbele yake kama mtu anayesalimisha bunduki. Akausukumia kwangu pamoja na karatasi tupu.

"Piga hapa."

Nikapiga. Akalinganisha na barua, akalinganisha na picha, akavaa miwani akalinganisha tena.

"Bambo, mhuri huu unampa mtu haki gani?"

"Hakuna, mayi."

"Basi ni wa nini?"

"Ni wa kupendezesha, mayi."

Akatazama ile picha ya Nabintu mwenye nusu mwezi shavuni. Akauma mdomo. Nikafikiri anakasirika, kumbe anazuia kicheko, na baada ya hapo akakasirika kweli. Aliniambia kwamba nimegusa sahihi ya mtu mwingine, kwamba barua iliyoguswa haiwezi kupokelewa, na kwamba kwa sababu ya uzuri wangu akina mama wa Madisi wangeweza kulala bila mkunga. Kila neno lilikuwa kweli. Nikasimama nimeinamisha kichwa, mzee mzima na koti langu. Kisha akachukua simu, akapiga kliniki, akamwuliza daktari kama barua ni yake. Ni yake.

"Barua mpya na picha mpya, safi," akaniambia. "Nizione Ijumaa kabla sijafunga dirisha. Wiki ijayo sipo, na anayenishikia atalianza faili upya."

Alhamisi nilikuwa Madisi. Daktari alikuwa amekwenda mazikoni kijijini kwao, atarudi kesho. Nikalala kwa mchungaji mmoja wa hapo. Ijumaa saa nne asubuhi ndipo daktari alipofika, akasoma, akatia sahihi, nami nikakaa juu ya mikono yangu ili isifanye lolote. Tulipotoka nje na Nabintu tukakuta pikapu ya Chisomo imeegeshwa, imejaa mabati ya mteja, injini inaunguruma. Hakuna aliyemwita. Nesi mmoja alikuwa amempigia simu.

Nikakaa katikati yao kama shangazi wa posa. Mponela tulisimama kwa mpiga picha wa kando ya barabara. Nilishika shuka jeupe nyuma ya kichwa cha Nabintu, upepo ukitaka kunivisha mimi. Zikatoka picha nne. Ofisi ilitaka mbili. Nilizitafuta nyingine mbili garini ili nizitunze kwenye faili langu, sikuziona, na Chisomo alikuwa anatazama mbele barabarani kwa bidii isiyo ya kawaida.

Nabintu alisinzia, kwa kuwa alikuwa ametoka zamu. Nikamwuliza Chisomo polepole kwa Chichewa, maana swali lilikuwa linaniwasha.

"Achimwene, kaka yangu, unajua kwamba tukichelewa leo, wewe ndiye unayefaidika? Hatakuwa na mlango mwingine."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakimbiza gari."

Mabati yalipiga kelele hadi Lilongwe.

Saa tisa tulikuwa dirishani. Mayi akaigeuza barua mbele na nyuma, akaikagua kwenye mwanga, akakagua mashavu ya picha. Alikuwa anatafuta nyota. Alipoikosa, akavuta mhuri wake mwenyewe, kitu kidogo tu cha tarehe, hakina hata duara, akaupiga kwenye karatasi ya kupokelea maombi. Tarehe ilikuwa ndani ya muda, bado siku nane. Nimeona mihuri mingi maishani, na ule ndio pekee ulionitoa machozi.

Karatasi ile ya kupokelewa, vijana, ishikeni kama mtoto mchanga. Si kibali, msijidanganye, lakini inasema uliomba ukiwa bado halali. Piga nakala tatu. Moja kwa mwajiri, moja kwako, moja kwa mtu asiyehamahama. Na uliza hapohapo, kwa maandishi, kama unaruhusiwa kuendelea na kazi ukisubiri, usiulize sokoni. Kuuliza si ujinga. Sheria hubadilika, fomu hubadilika, siku hizi mnajaza kwa kompyuta na picha mnapigwa hapohapo ofisini. Haya yangu yachukueni kama desturi ya njia, na neno la mwisho mlichukue dirishani.

Kibali kilitoka baada ya wiki kadhaa. Nabintu hakuja kwangu kwanza. Alikwenda Mponela, akaingia dukani na sare yake ya kazi. Chisomo alikuwa anampimia mtu misumari. Nabintu akaweka kibali juu ya kaunta, kimefunuliwa ukurasa wenye tarehe.

"Sasa uliza," akamwambia.

Yule mteja, namjua, alisimulia kambini na Mponela yote kwamba misumari yake ilikaa kwenye mizani hadi chakula cha mchana.

Kwangu alikuja mwezi uliofuata, na boksi la kadi za mwaliko.

"Papa, kashe iko wapi?"

"Imestaafu. Mimi mwenyewe niko njiani."

"Toa."

Nikatoa leso. Akaweka kadi ya kwanza mezani, akaweka kidole katikati ya majina mawili.

"Piga hapa. Nusu kwa jina langu, nusu kwa jina yake. Vile bakwetu banafanyaka, mutu asibandue."

Kadi ya kwanza ikatoka imepinda. Zilizofuata zilitoka safi. Fundi viatu alisimama pembeni akipokea pongezi za watu kama yeye ndiye bwana harusi.

Siku ya harusi nilipewa kazi ya kupokea kadi mlangoni, na sikumruhusu mtu kupita bila kadi, hata shemeji. Katikati ya foleni nikaona miwani imening'inia kwa kamba. Nabintu alikuwa amempelekea kadi yeye mwenyewe, mpaka dirisha la tatu. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaigeuza mbele na nyuma, nikaiinua kwenye mwanga, nikachukua muda wangu.

"Bambo," akasema yule mama, "mhuri huu unampa mtu haki gani?"

"Kuingia na kula, mayi," nikasema, nikafungua mlango.